Kengele ya Kwenye Kola

Wifi yangu ni kiziwi, na mimi nina mdomo. Kaka yake, yaani mume wangu, husema siku ya kugawa maneno mimi nilipanga foleni mara mbili, nikachukua na fungu la Wifi. Hata jina alilonipa Wifi linasema hivyohivyo: vidole vinne juu, dole gumba chini, vikifunguka na kufunga kama mdomo wa bata. Viziwi hawana haja na jina la kwenye cheti. Wanakutazama, wanakupima, kisha wanakupa alama moja ya mkono, na hiyo ndiyo utakayozikwa nayo. Mume wangu aliitwa Kitambi akiwa bado mwembamba. Wifi aliona mbali.

Mimi na yeye tumefanya kazi miaka kumi na minane kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Nguo zinaingia kwa mlango wa nyuma zikiwa na kila aina ya uchafu wa binadamu, zinapita kwenye mashine za kufua, zinakaushwa nusu, halafu zinatufikia sisi. Mashine yetu ya kunyoosha mashuka ina rola tatu za moto, kila moja nene kuliko pipa la maji. Huku mbele wanasimama watu wawili wa kulisha, bega kwa bega, kila mmoja ameshika pembe ya shuka. Kule nyuma wapo wawili wa kupokea. Kati yetu na wao kuna mvuke na mashuka yanayoning'inia, hatuonani.

Kwa hiyo ipo kengele. Mpokeaji akikwama anabonyeza kitufe kwa kiwiko, kengele inalia huku mbele, na mlishaji wa kulia anapiga swichi nyekundu. Mlishaji wa kulia ni Wifi. Aliwekwa pale kwa sababu hakuna anayelisha shuka likanyooka kama yeye, na swichi iko kulia kwake, mbali na mkono wangu. Nami nilisimama kushoto. Kengele ikilia, nilimgusa bega, akazima. Hakuna aliyeandika utaratibu huo mahali popote. Miaka kumi na minane nilikuwa kengele ya Wifi yangu, na nilijivunia.

Sasa nieleze lililotokea, na nitalieleza bila kulipaka sukari. Asubuhi moja tulikuwa kwenye foronya, ambazo mtu mmoja anatosha kuzilisha. Mwanamke wa usafi akapita mlangoni na habari za mtu aliyeacha mke akaenda kuoa dada wa mke. Habari kama hiyo mtu haisikilizi kwa mbali. Nikasogea mlangoni. Dakika mbili tu, labda tatu. Ndipo kengele ikalia. Kabla sijafika nilisikia yowe la mwenzetu wa upande wa pili, mama mwenye shimo shavuni ambaye Wifi humwita Kishimo. Glavu yake ilikuwa imenaswa kwenye rola ya mwisho. Aliichomoa mwenyewe, lakini vidole viwili vilishaungua.

Vilipona. Baada ya wiki tatu alirudi kazini na ngozi mpya ya waridi. Lakini msimamizi wetu, ambaye jina lake la alama ni kidole kinachozungusha funguo, alituita ofisini na kuuliza, "Nani alikuwa kwenye swichi?"

Wote wakamtazama Wifi. Nami mdomo wangu huu, usiojua kufungwa hata msibani, ulifungwa kana kwamba umeshonwa.

"Sina ubaya naye," alisema Funguo. "Ni mchapakazi. Lakini kiziwi hawezi kukaa kwenye swichi. Mwezi ujao aende kukunja taulo. Mwambie."

Nikamwambia. Kwa mikono yangu mwenyewe nilimtafsiria Wifi hukumu ya kosa langu.

Kukunja taulo ni kazi wanayopewa waliochoka na wajawazito. Wifi hakuwa amechoka. Alimtazama Funguo, akanitazama mimi, akasema kwa mikono, polepole ili nisipate kisingizio cha kupunguza neno: "Mwambie nitaisikia kengele kabla mwezi haujaisha. Anipe siku ya mtihani."

Funguo akacheka, ila si kwa dharau. "Haya. Ijumaa ya mwisho. Akiisikia kengele, swichi ni yake."

Wifi hakuzaliwa kiziwi. Akiwa na miaka sita alishikwa na homa ya uti wa mgongo, ikamwachia uhai ikaondoka na masikio. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakujua alama hata moja. Akitaka kumwita bintiye alimwendea kwa nyuma, akamshika kola ya gauni, akavuta. Kula, kuoga, kulala, mvua inakuja: yote yalikuwa kola. Wifi alichukia mno. Alikuwa akizikata kola kwa mkasi, mama anashona nyingine, yeye anakata tena. Alipopelekwa shule ya viziwi alikuta watoto wanaitana kwa kupungiana mikono na kugonga sakafu kwa miguu. Aliniambia alilia siku hiyo kwa furaha. Hukohuko alijifunza kushona.

Mbele ya hospitali kuna chuo cha ufundi, na chuoni kuna klabu ya wanafunzi wanaotengeneza vifaa vya kuvaa na vya kuwasaidia watu wenye ulemavu. Tuliwajua, kwa sababu mwaka uliopita walikuja kutafuta kiziwi. Walisema hivyohivyo: "Shikamooni mama zetu, tunatafuta kiziwi." Walikuwa wametengeneza glavu yenye nyaya inayogeuza lugha ya alama kuwa sauti, wakataka mtu wa kuivaa kwenye maonyesho. Wifi aliivaa. Akasema "habari za asubuhi", glavu ikatamka "maji". Akasema "nina njaa", ikatamka "maji". Alicheka hadi akakaa chini.

"Waulize," aliniambia, "hii inawasaidia wao wanisikie mimi. Ya kunisaidia mimi niwasikie wao iko wapi?"

Niliwauliza. Walikodoa macho, wakashukuru kwa adabu, wakaondoka na glavu yao.

Sasa Wifi alivuka barabara mwenyewe, mimi nikimfuata nyuma kama mkia. Chumba cha klabu kilikuwa stoo zamani. Kina meza mbili, dirisha lisilofunguka, na harufu ya risasi ya kulehemu. Mwenyekiti wao alikuwa kijana mrefu aliyevaa kwenye paji la uso ile miwani minene ya kumwingiza mtu kwenye ulimwengu wa kompyuta, akaisahau hapo kama mpishi anavyosahau mwiko nyuma ya sikio. Wifi akamwita Miwani papo hapo. Mwenzake alikuwa binti mdogo wa umbo, vidole vimejaa alama za kuungua, anavipuliza kila baada ya dakika. Huyo akawa Puliza.

Miwani aliuliza, "Kule kwenu mna waifai?"

"Ninaye huyu hapa," nikamjibu. "Ni wangu wa ndoa, na anashika bila waya."

Puliza alicheka. Miwani hakuelewa, lakini aliandika kwenye daftari.

Wifi aliwaeleza anachotaka bila kuzunguka: kitu cha kuvaa kitakachomgusa kengele ikilia. Taa hataki, alishawekewa taa ya ukutani, mvuke unaificha na macho yake yako kwenye shuka. Siku zilizobaki ni ishirini na nne.

Niseme ukweli, vijana walifanya kazi. Baada ya siku sita walikuwa na kisanduku cha kufunga karibu na kengele, na saa ya mkononi isiyoonyesha saa: ndani yake kale kadude kanakotetema kwenye simu. Kengele ikilia, mkono unatetema. Na kwa kuwa Funguo hakutaka majaribio kwenye mashine ya moto, Miwani akatumia siku tano nyingine kujenga chumba chetu cha kufulia ndani ya miwani yake. Alikuja kupiga picha kila pembe. Nilipoivaa nilishtuka. Rola zile pale, swichi ile pale, mpaka ndoo iliyopasuka iko pale pale chini ya bomba.

Wifi aliivaa, akafungwa saa, akaanza kulisha mashuka ya hewani huku mikono yake ikienda na kurudi kwenye chumba kile kidogo. Kengele ililia mara ishirini. Mara ishirini alipiga swichi. Vijana walirukaruka wakakumbatiana. Miwani alisema maonyesho ya mwaka huu hakuna wa kuwaweza.

Wifi hakurukaruka. Alivua miwani, akaitazama, akanigeukia. "Chumba kizuri," alisema. "Lakini kimekufa."

"Kimekufa vipi?"

"Sijui bado."

Tulijua siku tatu baadaye, Funguo alipokubali tujaribu kwenye mashine yenyewe saa za mapumziko, rola zikizunguka bila moto. Kengele ililia mara kumi, Wifi akaisikia mara nne. Miwani akasema labda mama hajazoea. Puliza akaongeza nguvu ya mtetemo. Mara tano, na mkono ukafa ganzi, na mashuka, mashuka ya Wifi ambayo yangeweza kupimiwa rula, yakaingia upogo. Funguo alisimama mlangoni akizungusha funguo zake. Kisha akaenda zake. Zilibaki siku kumi.

Wifi akikasirika hapigi kelele, anafanya vitu. Alimshika Puliza mkono, akamvuta hadi kwenye mashine, akambandika viganja vyote viwili juu ya meza ya kulishia.

"Muulize anasikia nini," aliniambia.

"Inatetemeka," alisema Puliza. "Yote. Mpaka kwenye meno."

"Ndiyo!" Mikono ya Wifi ilikuwa inaruka. "Mashine hii inaongea kutwa nzima na mimi ninaisikiliza kwa viganja. Mkanda ukilegea najua. Shuka likiwa na maji najua. Mkono huu ni kiti chenye mwenyewe, halafu ninyi mnaleta mgeni akalie hichohicho! Kule kwenye miwani meza haikutikisika. Ndiyo maana nilisema kimekufa."

Miwani alishusha miwani yake kutoka kichwani, mara ya kwanza tangu tumjue. Alikuwa amepima kila kitu pale kwetu, upana, urefu, rangi ya ukuta, ndoo iliyopasuka. Hakuwahi kuigusa mashine.

"Basi tutafute sehemu ya mwili iliyo kimya," alisema Puliza.

Tukatafuta. Kiwiko kinapokea kila kitu kutoka mkononi. Nyonga haifai, kwa sababu mlishaji huegemea meza. Mguu haufai, sakafu inatetema. Mgongoni jasho lilikiondoa kifaa mahali pake. Puliza alimbandika kifaa kwa plasta huku na kule kama fundi anayetafuta pa kugonga msumari, na Wifi akitikisa kichwa: hapana, hapana, hapana. Halafu akasimama. Akapeleka mkono nyuma ya shingo, akashika kola ya koti lake la kazi, akaivuta. Akaivuta tena. Uso wake ukabadilika, nikadhani kaumia.

"Vipi, Wifi?"

Alifanya alama ya mama yake, ambayo sikuwa nimeiona tangu msiba: ngumi nyuma ya shingo, inavuta.

Kola ile aliishona mwenyewe, mashine ya cherehani ya nyumbani kwetu ikinguruma siku nzima ya Jumapili. Aliiondoa, akatengeneza mfuko wa ndani mwembamba, kwa kitambaa cha pili ili jasho lisipite, na tundu la kifungo la kupitishia waya hadi betri kwenye mfuko wa kifuani. Puliza alikaa sakafuni akilehemu na kupuliza vidole. Alitaka kiwe kitu cha kutetema kama kwenye simu, Wifi akakataa, alitaka kivute. Wakagombana kwa nusu saa, mimi nikitafsiri matusi ya pande zote kwa uaminifu. Mwishowe Miwani ndiye aliyepata: kamota kadogo kanakosokota uzi, kola inakazwa mara mbili, inaachiwa. Kalivuta. Wifi akageuka haraka kuangalia nyuma, kisha akaona haya, tukacheka wote.

Ijumaa ya mwisho ilifika. Funguo alikuwa na masharti. Atabonyeza kengele mara kumi, wakati anaotaka yeye, kuanzia asubuhi hadi saa ya kufunga. Na mimi nisiwe karibu.

"Wewe nenda kwenye taulo," aliniambia. "Nakujua."

Nikaenda kwenye taulo, hatua kumi kutoka kwa Wifi. Mahali pangu pakasimama mlishaji mwingine, aliyeonywa asimguse. Vijana wa klabu walikaa kwenye mabenchi ya mlangoni, Miwani akiuma kucha. Kengele ya kwanza ililia chai haijaiva. Wifi akapiga swichi kabla sijageuza kichwa. Ya pili, ya tatu. Funguo akabonyeza mbili mfululizo za kumtega; akazima mbili mfululizo. Nilikunja taulo moja mara sita bila kujua. Kufika saa tisa mchana zilikuwa tisa kwa tisa.

Ndipo mashine ikazimwa, na kengele haikulia.

Nilisikia vizuri kwamba haikulia. Kila mtu alisikia. Wifi amesimama, mkono juu ya swichi, shuka nusu mezani.

"Mmeona?" Funguo alitoka ofisini. Hakufurahi, nimpe haki yake, alionekana ameumia. "Kinajilia chenyewe. Leo kinazima bure, kesho kinanyamaza mtu anaungua. Siwezi."

Nilitupa taulo nikakimbia. "Bosi, subiri, huyu hajawahi kuzima bure, miaka kumi na minane..."

Wifi alininyooshea kiganja. Nyamaza. Hakunitazama. Alikuwa akipapasa shuka juu ya meza, taratibu, pindo hadi pindo, macho yakiwa ukutani. Akafika kwenye pembe iliyokunjamana, akaingiza vidole, akachomoa mkasi wa chumba cha upasuaji. Ulikuwa wa chuma kitupu, ncha mbili, umepita kwenye kufua na kukausha bila mtu kuuona. Uliwahi kupita mmoja miaka ile. Ulichana kitambaa cha rola, ukarukia upande wa pili na kupasua ile ndoo. Ndoo ipo hadi leo.

Upande wa pili, Kishimo alisogeza mashuka akachungulia. Aliuona mkasi, akakunja vile vidole vyake viwili ndani ya kiganja.

"Kifaa ndicho kilichomwambia?" Funguo alimuuliza Puliza.

"Hapana," alisema Puliza. "Hakijalia. Hatuna kifaa cha kufanya hivyo."

Wifi aliinua viganja vyake vyote viwili, akamwonyesha Funguo. Kisha akagonga meza kwa ncha ya mkasi mara moja, kidogo tu, ili aelewe alichosikia katika kelele zote zile.

Funguo alishika kiuno. Akaenda mwenyewe upande wa pili, akabonyeza kengele ya kumi. Wifi hakugeuka, alikunja mabega tu kwa ule mvuto, akasema kwa mikono, nami nikatafsiri: "Mashine nimeshazima. Unataka nini tena?"

Hata Kishimo alicheka. Funguo aliandika kwenye ubao wa zamu, kwa chaki, jina la Wifi lile la kwenye cheti, na mbele yake neno "swichi". Vijana walipiga makofi, halafu wakakumbuka, wakayageuza kuwa mikono ya kupunga hewani. Nilipunga nami. Nilifurahi, kweli nilifurahi, hadi nilipomwona Kishimo akipunga kwa mkono wenye ngozi ya waridi.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo tulibaki wawili. Wifi alikuwa akichomoa betri kwenye mfuko. Nikamgusa bega, kwa mazoea.

"Siku ile," nilisema, na mikono yangu ilikuwa mizito kama mashuka mabichi. "Siku ya Kishimo. Mimi sikuwepo kando yako. Nilikuwa mlangoni napiga soga. Walikulaumu wewe, nikanyamaza."

Akaiweka betri kwenye begi lake.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Niligeuka kushoto, nikaona nafasi yako iko wazi. Unadhani mimi ni kipofu pia?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema kupitia kwa nani? Wewe ndiye uliyekuwa mdomo wangu. Nilingoja ufunguke." Akafunga kifungo cha begi. "Ndiyo maana nikatafuta kengele isiyojua habari za wanaooa mashemeji zao."

Nililia, sitaficha. Alinipa taulo, moja ya zile nilizokunja vibaya, akangoja nimalize kufuta uso. Nilidhani yameisha, tutakwenda nyumbani. Nikanyanyua mkoba wangu.

Akanijia kwa nyuma. Nikahisi mkono wake umeshika kola ya koti langu, ukakaza, ukavuta. Alinivuta hivyo kwenye korido nzima, akampungia Kishimo, tuliyemkuta humo, atufuate, akanisimamisha mbele ya mlango wa Funguo. Hapo akaniachia, akasogea kando.

Nikabisha hodi.